Baba Ameanza Kuniambia Tafadhali

Funabashi, 20 Oktoba 1996

Baba mpendwa,

Habari za huko Akita? Natumaini baridi haijaanza kukuuma goti. Mimi mzima wa afya. Jikoni shuleni juzi tulipika wali wa viazi vitamu kwa watoto mia nne na ishirini, na sufuria zilirudi tupu kana kwamba zimelambwa. Figili za moshi ulizonipa siku ya kumbukumbu ya marehemu Takeo nimemgawia Bi Muraki, mpishi mwenzangu. Amesema kama ni wewe uliyezikausha, yuko tayari kuolewa na wewe hata kesho.

Sasa Baba, nina neno. Jumapili iliyopita nilikupigia simu, ukapokea, ukasema: "Bibi Chizuru, asante sana kwa kunipigia. Natumaini hujambo. Tafadhali usijisumbue kwa ajili yangu." Nilidhani nimekosea namba. Nilikaribia kuomba radhi na kukata.

Miaka kumi na mmoja sasa, umekuwa ukizungumza nami kwa mkato. Siku ile Takeo aliponileta kwenu mara ya kwanza hukuniambia hata karibu. Ulisema, "Shika upande ule," nikashika, tukabeba mkeka mzima wa tatami mpaka kwenye gari, mimi na soksi zangu nyeupe za kuposewa. Nami nikakujibu kwa maneno marefu ya adabu, kama inavyompasa mke wa mtoto, na nimekujibu hivyo mpaka leo. Takeo alikuwa akitucheka: "Baba anakata mkia wa kila sentensi kama anakata nyasi za mkeka. Wewe unauburuta mkia kama treni ya mizigo." Hivyo ndivyo tulivyokuwa, na nyumba ilikuwa na raha yake.

Mkubwa akiuacha mkato na kumvalia mtu wa nyumbani maneno marefu, sababu ni moja kati ya mbili: amekasirika, au ameanza kumhesabu kuwa mgeni. Akufukuzaye hakuambii toka. Kama nilikosa siku ya kumbukumbu, niambie nilikosa nini. Mchuzi ulikuwa na chumvi nyingi? Nilimwinamia padri wa hekalu vibaya? Nimeamua kukuuliza kwa barua kwa sababu kwenye karatasi sote tunaandika kwa adabu, wewe na mimi, na hapo angalau hutaniumiza sikio.

Vaa soksi mbili.

Chizuru

*

Akita, 24 Novemba 1996

Kwa Bibi Chizuru Hatakeyama,

Salamu. Theluji ya kwanza ilianguka tarehe kumi na tano, ikayeyuka, ikarudi juzi na nia ya kukaa. Goti ni lilelile. Jirani Mama Toyo ameanguka barazani kwake, hakuvunjika, ila amekasirika na baraza.

Barua yako ilifika mwezi uliopita. Kuchelewa kujibu ni kosa langu. Hekalu limeagiza mikeka thelathini na sita kabla ya mwaka mpya na nina mikono miwili tu.

Kuhusu simu: koo lilikuwa linaniwasha. Mtu mwenye koo linalowasha huzungumza kwa uangalifu. Mchuzi haukuwa na chumvi nyingi.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi kutoka ofisi ya mji. Ni ile ambayo mjane akiandika jina lake na kugonga muhuri, basi hana tena uhusiano wowote na wazazi wa marehemu mumewe. Haihitaji ruhusa ya mtu. Msichana wa dirishani alinieleza mara mbili kwamba mimi siwezi kuijaza kwa niaba yako. Nikamwambia najua, naipeleka tu. Akanitazama kama mtu anayefukuza paka wakati wa theluji.

Una miaka thelathini na sita. Tafadhali ifikirie bila haraka. Kaburi la Takeo usilihangaikie, mimi niko karibu nalo.

Jihadhari na mafua.

Kanzo Hatakeyama

*

Funabashi, 29 Novemba 1996

Baba,

Habari za theluji na za Mama Toyo nimezipata, nampa pole, na baraza nalo nalipa pole.

Kama unavyoona, nakuandikia nyuma ya ile karatasi ya ofisi ya mji. Ni karatasi nzuri, nzito, haivuji wino. Ingekuwa dhambi kuiacha ipotee bure.

Baba, koo linalowasha halimfanyi mtu avae kanzu ya heshima, atembee kwenye theluji na goti bovu, akapange foleni kumchukulia mkwe wake karatasi ya kumkana. Shangazi Kiyo amekuambia. Usibishe, namjua dada yako, siri kwake haifiki jioni.

Haya, ndiyo. Kuna mtu. Anaitwa Odagiri Shinpei. Ndiye anayeleta mboga jikoni kwetu, ana miaka arobaini na mmoja, hajaoa, anasalimia vitunguu kabla ya kunisalimia mimi kwa sababu ana haya. Ameniomba mara mbili tuoane, tujenge mji. Mara mbili nimemkatalia.

Unataka kujua kwa nini? Mimi nililelewa na bibi, na bibi alikufa nikiwa na miaka ishirini. Sikuwahi kuwa na mtu wa kuniambia, "Wewe, funga mlango, baridi inaingia." Nilipoolewa na Takeo nilipata mume, na juu yake nikapata baba. Mume nimezikwa naye nusu. Baba bado ninaye, au nilidhani ninaye. Kama kuolewa na Odagiri maana yake ni kwamba nitapiga simu Akita na kuitwa Bibi Chizuru mpaka mmoja wetu afe, basi siolewi. Ndiyo hivyo, nimesema, na kalamu imenisaidia maana mdomo usingethubutu.

Nakutumia dawa ya kupaka goti. Usipake karibu na macho kama mwaka jana.

Chizuru

*

Akita, 26 Januari 1997

Kwa Bibi Chizuru,

Kadi yako ya mwaka mpya ilifika. Ya kwangu niliiandika mara tatu, nikazichoma zote tatu. Mikeka ya hekalu ilimalizika. Dawa ya goti inanuka lakini inafanya kazi.

Theluji imefika dirishani. Sina pa kwenda, kwa hiyo nitasema.

Baba yangu alikufa nikiwa na miaka sita. Mama yangu alikuwa na ishirini na saba. Kila majira ya kuchipua alikuwa akipita muuza dawa mmoja, wa wale wanaobeba makasha mgongoni na kuacha dawa nyumba kwa nyumba. Alikuwa mtu mpole. Aliniletea puto la karatasi. Mwaka wa tatu alikaa mbele ya babu yangu mzaa baba, akainama mpaka chini, akamwomba mama yangu kwa maneno marefu na mazuri ambayo sijawahi kuyasikia tena. Babu hakumjibu yeye. Alimgeukia mama, akasema: "Wewe ni wa hapa. Lete chai."

Akaleta chai. Miaka hamsini na nne mingine aliishi katika nyumba hii akishona mikeka, na hakulalamika hata siku moja. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba hakulalamika.

Kiyo aliniambia habari za mtu wako siku ya kumbukumbu, pale jikoni, wewe ukiwa nje unawapa watu viatu vyao. Na mimi nikasikia maneno yananijia mdomoni: "Mwambie akae huko huko." Kwa mkato. Ilikuwa sauti ya babu yangu, Chizuru, ndani ya kinywa changu. Niliogopa sana.

Nikawaza, kama maneno mafupi ni kamba, basi niifungue kamba. Nizungumze nawe kama na mtu huru, mtu wa watu, anayeweza kusimama na kwenda. Sikuzoea. Nilifanya mazoezi mbele ya picha ya Takeo. Nilimwambia mwanangu mwenyewe, "Natumaini hujambo." Nadhani alinicheka.

Usimkatae mtu mwema kwa ajili yangu. Huo ni mzigo nisioweza kuubeba, goti au bila goti. Nilikosea kuhusu karatasi. Nilidhani ni zawadi.

Kanzo

*

Funabashi, 12 Februari 1997

Baba,

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni na viatu mguuni, nikakaa palepale, nikalia mpaka jirani akauliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, ni barua ya baba.

Nimemwonea huruma mama yako. Lakini, Baba, mimi siyo yeye, na wewe siyo babu yako. Babu yako alisema "lete chai" kwa mtu aliyetaka kwenda. Wewe ulikuwa ukiniambia "kaa, kunywa chai" kwa mtu aliyetaka kukaa. Maneno ni mafupi yote mawili, lakini la kwako lilinipa joto. Hujui tu kulipima kwa sababu ni lako.

Odagiri nimemsomea sehemu ya barua yako. Alivunjavunja majani ya kabichi, halafu akasema, "Tukamwombe ruhusa, na Takeo pia." Kwa hiyo tunakuja siku ya kutembelea makaburi, tarehe ishirini Machi, kwa treni inayofika saa tano asubuhi. Ukitufungulia mlango na kuniita Bibi, ninageuka na treni hiyohiyo.

Usisumbuke kupika. Najua utapika.

Chizuru

*

Akita, 27 Machi 1997

Chizuru,

Mmefika salama? Vitunguu alivyoleta Odagiri bado tunakula, mimi na Mama Toyo na nusu ya mtaa. Mtu mzima anasafiri saa sita amekumbatia vitunguu kama mtoto mchanga. Si mbaya.

Niliposikia mlango nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimeyapanga maneno. Halafu nikakuona umesimama na theluji kichwani, nikasema, "Karibuni sana, Bibi Chizuru, poleni na safari." Niliona uso wako ulivyobadilika. Kama treni ya kurudi isingekuwa ya saa kumi jioni, najua ungeondoka.

Miezi mitano nimejifunza kuzungumza hivyo, na sasa ulimi umekwama hapo. Nikitaka kukuambia "kula," linatoka "tafadhali karibu mezani." Mlango ukivimba kwa unyevu, ukiusukuma sana unavunja fremu. Niache kwanza.

Pale kaburini Odagiri alimwambia Takeo, "Samahani kwa kuchelewa kufika, na samahani kwa kufika." Halafu akafuta theluji juu ya jiwe kwa kofia yake. Kofia nzuri. Nimemkubali. Mwambie.

Kuhusu arusi ya Juni, nitakuja. Nitakaa popote nitakapowekwa. Kwa desturi mtu kama mimi hana kiti maalum: si mzazi wa bibi arusi, si mgeni wa bwana arusi. Meza ya nyuma na walimu wa shule yako inanitosha. Usisumbue watu.

Kanzo

*

Funabashi, 21 Aprili 1997

Baba,

Hujambo? Huku maua yamekwisha na mvua imeanza.

Nimekaa na mpangilio wa meza wiki nzima. Walimu wako mbele, kama wageni wanavyostahili. Wewe uko meza ya mwisho kabisa, karibu na mlango, pale wanapokaa wazazi, na shughuli ikiisha utasimama pamoja na wazazi wa Odagiri kuwaaga watu. Jina lako limeshachapishwa. Usinijibu kuhusu hili.

Koti lako jeusi lipeleke kwa fundi, kifungo cha pili kimelegea.

Chizuru

*

Akita, 4 Juni 1997

Kwa Bibi Chizuru Odagiri,

Nimefika nyumbani salama. Mashamba ya mpunga yamejaa maji na vyura wanapiga kelele.

Naandika kuomba radhi. Siku ya arusi nilikunywa vikombe vitatu vya sake ambavyo baba yake Odagiri alinimiminia mkono kwa mkono, na sikuweza kumkatalia. Kuanzia hapo sikumbuki vizuri, lakini Kiyo anakumbuka. Ananiambia kwamba nilikutukana mbele ya watu, tena mbele ya mama mkwe wako mpya, na mwishowe nikakufokea kwenye mlango kama fundi anayemfokea mwanafunzi. Kiyo amenipigia simu mara nne kunikumbusha.

Siku yako kubwa, na mimi nimeiharibu. Nimeona aibu hata kumwambia Takeo. Kama Odagiri na wazazi wake wameudhika nitakuja mwenyewe kuinama mbele yao.

Tafadhali nisamehe.

Kanzo Hatakeyama

*

Funabashi, 9 Juni 1997

Baba,

Vyura wasalimie. Odagiri anakusalimu, mama yake anakusalimu, na Bi Muraki, ambaye amekuona kwa macho yake sasa, anasema ombi lake la ndoa liko palepale.

Shangazi Kiyo anakumbuka maneno tu. Ngoja mimi nikueleze ilivyokuwa.

Wageni walikuwa wanatoka. Wewe ulikuwa umesimama kwenye mstari, koti limefungwa vizuri, mgongo umenyooka kuliko wa bwana arusi. Mama yake Odagiri akakugeukia, akasema kwa maneno yake yote marefu kwamba wamepata bahati kubwa, bibi arusi ni mzuri, ana adabu, ni hodari. Kama ungekuwa mgeni ungesema, "Kweli kabisa, Bibi Chizuru ni mtu wa pekee." Ndivyo mtu anavyomsifu wa watu.

Wewe ukainama mpaka paji la uso likakaribia magoti, ukasema: "Huyu binti yetu hajui kitu. Ni mzembe, mbishi, akipika samaki anaunguza, na akiamka asubuhi nywele zake zinatisha. Nimeshindwa kumfunza. Nawaomba sana mmvumilie."

Baba, hakuna mtu anayeruhusiwa kuyasema hayo ila mwenye mtoto. Nilikuwa sijawahi kusikia mtu akiyasema kuhusu mimi. Arusi yangu ya kwanza, upande wangu kiti kilikuwa kitupu, na wote walinisifu, maana sikuwa na wa kunitukana.

Mama yake Odagiri alifurahi kama mtu aliyejibiwa salamu yake. Akasema mwanawe anakoroma na anazungumza na kabichi. Mkaendelea hivyo, mnashindana kutudharau, mpaka Odagiri akawa mwekundu. Mimi nilikuwa nimesimama tu nakutazama, nimesahau kazi yangu, wageni wanapita. Ndipo ukanigeukia, ukasema kwa sauti iliyosikika mpaka jikoni:

"Wewe! Unasimama nini kama nguzo? Inama!"

Nikainama. Nilikawia kuinuka kwa sababu machozi yalikuwa yanadondoka juu ya viatu vya mama mkwe, na nilitaka kwanza aviondoe.

Radhi yako siipokei. Nakurudishia kama ilivyokuja. Ila na mimi nina la kuungama. Nilipoinuka, shangazi yake Odagiri aliyekuwa nyuma akaninong'oneza, amestuka: "Nani yule mzee mkali?" Baba mkwe wa zamani husifiwa mbele ya watu, anaitwa mheshimiwa, anapewa kila heshima. Nami nikajifuta uso, nikamwinamia yule mama, nikamwambia:

"Mtuwie radhi. Ni baba yangu huyo. Mzee mkorofi kutoka kwenye theluji, hana adabu hata kidogo."

Chizuru